Ubao wa Kusokotea Ugwe wa Upinde

KAZI ZA MIKONO NYUMBANI



Juma hili twaingia katika kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa macho na vidole tu, na ambayo vijana wengi hawaijui tena. Ni kazi ya kutengeneza ugwe wa upinde, ule ambao wengine huuita upote. Nitaanza kwa habari ya babu mmoja na mjukuu wake huko Lubondja, katika nchi ya Fizi, maana kosa la mjukuu litatufundisha kuliko maneno mengi.

Babu huyo alikuwa na upinde aliourithi kwa baba yake. Mwaka 1996 vita vilipowafukuza watu wengi wa Fizi wakavuka Ziwa Tanganyika, aliufunga katika ngozi ya mbuzi, akauacha chini ya paa la jamaa aliyebaki milimani. Yeye mwenyewe alikaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Tangu mwaka 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka, naye baadaye akarudi pamoja na wanawe. Aliukuta upinde mahali pale pale. Mti wake ulikuwa mzima. Ugwe wake ndio ulioliwa na panya.

Mjukuu alikuwa amezaliwa kambini. Hakuwahi kumwona mtu akisokota ugwe, maana kambini hapakuwa na pori la kuwinda wala sababu ya kuuinua upinde. Alipopata miaka kumi na miwili alitaka kumfurahisha babu yake. Alinunua uzi wa nailoni wa kushonea nyavu sokoni Baraka, akauzungusha mara tano kati ya miguu ya viti viwili, akapata nyuzi kumi. Nyingine zilikaza, nyingine zililegea, hakujali. Alizisokota pamoja, akafunga mafundo huku na huku, akautia ule ugwe katika upinde wa babu, akavuta.

Nyuzi zilizokaza zilikatika kwanza. Zikafuata nyingine, mpaka zote kumi zikaisha. Upinde uliruka kwa nguvu zake zote pasipo mshale wa kuzipokea, ukapasuka karibu na ncha ya juu. Ncha ya uzi ikampiga kijana shavuni, vidole viwili chini ya jicho.

Babu alikuja, akamtazama mtoto uso, kisha akautazama upinde. Hakupiga kelele.

“Mjukuu wangu, nyuzi ulizitia ngapi?”

“Kumi, babu.”

“Na zilizofanya kazi zilikuwa ngapi?”

Mtoto alinyamaza.

“Zilikuwa mbili,” babu akasema. “Nane zilikuwa zikitazama.”

Wasomaji wangu, katika maneno hayo mna elimu yote ya ugwe wa upinde. Nyuzi kumi zisizo na ukazo mmoja si nyuzi kumi. Mzigo huanguka juu ya zile zilizo fupi; nazo zikishindwa, mzigo wote huanguka juu ya zile zinazofuata, mpaka hakuna inayobaki. Zikiwa na urefu mmoja na ukazo mmoja, kila uzi hubeba sehemu yake, na ugwe mwembamba hushinda ugwe mnene uliofanywa ovyo.

Mtoto akasema, “Babu, nifundishe.” Babu akanyosha mikono yake, ilikuwa ikitetemeka kwa uzee. “Mikono hii ilijua,” akasema, “lakini haiwezi tena kukuonyesha.” Hapo ndipo ilipo hasara kubwa kuliko ya upinde uliopasuka. Mti wapatikana tena. Lakini kipimo kilichokaa katika vidole vya mzee hufa pamoja naye, kama hakikuwekwa mahali pengine. Basi leo tutakiweka katika ubao.

Watu wengine hufanyaje?

Si kila ugwe hutengenezwa kwa nyuzi nyingi. Bambuti wa msitu wa Ituri hutumia ukanda wa henzirani, mmea ule utambaao ambao wengi wetu huuita kekele. Huupasua, huukwangua, na huufunga. Ukanda mmoja hauna shida ya kugawa mzigo. Wahadza wa Ziwa Eyasi, katika Tanzania, hutumia mishipa migumu ya wanyama, ambayo huisokota ikawa ugwe wenye nguvu sana.

Katika Ulaya watu walitumia nyuzi nyembamba za kitani, tena nyingi pamoja. Kwa hiyo walihitaji akili ya kuzisawazisha. Wenyeji wa Flanders, nchi iliyo sehemu ya Ubelgiji, walipata sifa kubwa kwa upinde. Tangu zamani sana wapiga mishale wao waliungana katika vyama vyenye jina la Mtakatifu Sebastiani, shahidi wa Roma aliyechomwa mishale, ambaye sikukuu yake ni tarehe 20 Januari. Huko alitoka Hubert Van Innis, aliyeshinda medali sita za dhahabu na tatu za fedha katika michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900 na ya Antwerp mwaka 1920. Mara hiyo ya pili alikuwa na umri wa miaka 54. Hata leo Waingereza na Wamarekani huita kwa jina la Flanders msokoto wa mafungu mawili ambao tutajifunza sasa. Nao ni ndugu wa msokoto wa kamba ambao kila mama wa kwetu anaujua: sokota huku, zungusha kule, na kamba haifumuki.

Kuchagua uzi

Uzi wa nailoni una nguvu, lakini hunyumbuka mno. Ukivuta upinde, uzi huongezeka urefu. Ukiachia, nguvu ambayo ingeusukuma mshale hupotea katika kunyumbuka huko. Katani ya mkonge hainyumbuki sana, lakini huogopa unyevu na mkunjo mkali. Yafaa upinde mdogo wa mtoto tu. Pamba ni dhaifu. Uzi wa kitani ni mzuri, ila ni adimu kwetu. Katika miaka ya 1950 wapiga mishale wengi wa Marekani na Ulaya waliacha kitani wakashika uzi wa poliesta, maana hauozi upesi wala haunyumbuki kama nailoni. Nyuzi za poliesta hupatikana kwa mafundi wa viatu na kwa wauza nyavu.

Usiamini neno la muuzaji, jaribu mwenyewe. Kata uzi wa mita 2, uzungushe mara tano au sita katika tawi laini, kisha uufunge. Ncha ya chini izungushe vivyo hivyo katika kijiti, na katika kijiti tundika chupa ya maji ya lita 1. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pima urefu wa uzi kabla na baada. Kati ya nyuzi mbili, chagua ile iliyoongezeka kidogo na iliyorudi urefu wake ulipoondoa chupa. Yafaa kuzungusha kwanza katika tawi na kijiti, kwa sababu fundo tupu huudhoofisha uzi, nao ungekatika hapo kabla ya wakati wake.

Sasa tafuta nguvu ya uzi. Badala ya chupa, tundika bidoni ya lita 5 iliyojaa. Ikiwa uzi mmoja waichukua bila kukatika, uzi huo wafaa kwa hesabu tutakayofanya.

Hesabu ya nyuzi

Kwanza jua uzito wa upinde wako. Utie ugwe wa muda, utundike upinde kwa mshiko wake katika kigingi imara, na katikati ya ugwe uning'inize bidoni. Ongeza maji polepole mpaka ugwe uwe mbali na mshiko kwa kadiri ya urefu wa mshale wako. Ikiwa maji ni lita 15, upinde wako ni wa kilo 15. Simama kando wakati huo, wala usisimame chini ya upinde.

Mafundi wa pinde hushika kanuni hii: ugwe uweze kubeba si chini ya mara nne ya uzito wa upinde, maana wakati wa kuachia mshale ugwe hupigwa kwa ghafula kuliko wakati wa kuvuta. Basi kilo 15 mara 4 ni kilo 60. Ikiwa kila uzi wabeba kilo 5, zatakiwa nyuzi 12. Ikiwa uzi wako wabeba kilo 4 tu, zatakiwa 15. Nawe utie 16, ili mafungu mawili yawe sawa.

Mtoto wa shule aweza kufanya hesabu hiyo. Ile ya mjukuu wetu haikukosea katika idadi. Ilikosea kwa kudhani kwamba nyuzi zote zafanya kazi.

Kutengeneza ubao

Tafuta ubao ulionyoka, wenye urefu wa sentimita 115, upana wa 12, na unene wa 3. Upige randa, usiwe na vibanzi vya kukwaruza uzi. Utausimamisha wima ukutani, juu ya kiti au benchi.

Kwenye sehemu ya juu, katikati ya upana, sentimita 10 chini ya ncha, toboa tundu utie kigingi cha mti mgumu, cha mviringo, chenye unene wa dole gumba. Kigingi kiwe laini kabisa.

Kwenye sehemu ya chini tutatia misumari 12 midogo: sita upande wa kushoto na sita upande wa kuume. Msumari wa 1 wa kila upande uwe sentimita 100 kutoka kigingi. Wa 2 uwe 98. Wa 3 uwe 96. Wa 4 uwe 94. Wa 5 uwe 92. Wa 6 uwe 90. Msumari wa 1 uwe karibu na ukingo wa ubao, na kila ufuatao usogee kidogo kuelekea katikati, hata misumari ifuate mshazari. Ukifanya hivyo, uzi uliofungwa katika msumari wa chini hautagusa misumari iliyo juu yake. Andika namba kwa penseli kando ya kila msumari.

Angalia sasa faida ya vipimo hivyo. Uzi wa kwanza utatoka msumari wa 1 wa kushoto, utapanda, utazunguka kigingi, utashuka mpaka msumari wa 6 wa kuume: 100 na 90 ni 190. Uzi wa pili utatoka wa 2 wa kushoto mpaka wa 5 wa kuume: 98 na 92 ni 190. Wa tatu ni 96 na 94. Endelea hivyo mpaka wa mwisho, unaotoka wa 6 wa kushoto na kuishia wa 1 wa kuume. Nyuzi zote sita zina urefu mmoja, lakini ncha zao hazikutani mahali pamoja. Kila moja imesogea sentimita 2 mbele ya mwenziwe. Kwa hiyo fungu litakuwa jembamba polepole kuelekea mwisho, wala halitakuwa na uvimbe mahali pa kuunganisha. Uvimbe wa ghafula ni mahali pa kukatika.

Ukitaka ugwe wa upinde mdogo, usiiguse misumari. Toboa tundu jingine la kigingi, chini ya lile la kwanza. Kigingi kikishuka sentimita 5, kila uzi hupungua sentimita 10.

Kupanga nyuzi

Chukua chupa moja ndogo yenye maji ya nusu lita, uifunge. Chupa hiyo ndiyo itakayoshika nafasi ya vidole vya babu.

Zungusha uzi mara mbili katika msumari wa 1 wa kushoto, uupandishe, uupitishe juu ya kigingi, uuache ushuke upande wa kuume. Mwishoni funga chupa, ining'inie yenyewe. Ikiisha kutulia, upeleke uzi kwenye msumari wa 6 wa kuume, uuzungushe mara mbili huku chupa ingali ikivuta, kisha uifungue. Fanya vivyo hivyo kwa uzi wa pili, kwa chupa ile ile na maji yale yale. Usiongeze kwa mkono wako kwa kuwa umechoka, wala usipunguze kwa kuwa una haraka. Ukazo ukiwa wa chupa, watu wawili waweza kupokezana kazi, na nyuzi zao zitakuwa moja.

Nyuzi sita zikiisha, zishike pamoja kwa mkono chini ya kigingi, na kata kila moja karibu na msumari wake. Hilo ni fungu la kwanza. Lisugue kwa nta ya nyuki, kisha lipitishe ndani ya kipande cha ngozi kilichokunjwa, upesi upesi, mpaka nta ipate joto na kuzama kati ya nyuzi. Nta huzishikamanisha na kuzuia maji. Tengeneza fungu la pili. Ikiwezekana, liwe la rangi nyingine, ili macho yako yasiyachanganye.

Kusokota

Weka mafungu mawili pamoja, ncha zilizo ndefu zikiwa sawa. Kutoka ncha hizo pima sentimita 25, utie alama. Sehemu hiyo ndiyo mkia. Shika penye alama kwa mkono wa kushoto, na mafungu marefu yaelekee kuume.

Kwa mkono wa kuume shika fungu lililo mbali nawe, ulisokote kuelekea mbali, kisha ulilete kwako juu ya lile jingine. Sasa lile jingine limekuwa mbali. Lisokote mbali, lilete kwako. Kila fungu husokotwa upande mmoja, na mafungu huzungukana upande wa pili; misokoto hiyo miwili yapingana, na kwa sababu hiyo yazuiana kufumuka.

Fanya hivyo kwa urefu wa sentimita 9, kwa kitanzi cha juu. Kunja sehemu hiyo iwe kitanzi. Mikia miwili italala pamoja na mafungu marefu: kila mkia na fungu la rangi yake. Vipake nta vishikamane, uendelee kusokota kama kwanza, mpaka mikia iishe kabisa.

Kisha tundika kitanzi katika msumari, uyachane mafungu kwa vidole toka juu hata chini, yasiwe yamejisokota yenyewe. Wengi husahau hatua hiyo, na ugwe wao huharibika. Nenda kwenye ncha ya pili, pima tena sentimita 25, ufanye kitanzi cha chini cha sentimita 7 kwa njia ile ile.

Mwisho, tia vitanzi katika misumari miwili, uvute, uuzungushe ugwe mzima mara ishirini hadi thelathini, kwa upande ule unaokaza vitanzi. Ukizungusha upande usiofaa, utaviona vikifunguka. Geuza mara moja. Kwa vipimo vyetu ugwe uliokamilika utakuwa karibu sentimita 138, kadiri mkono wako unavyokaza. Nao wafaa upinde wenye karibu sentimita 145 kati ya mkato wa ncha moja na mkato wa ncha ya pili. Ukiwa mrefu kidogo, ongeza mizunguko. Ukiwa mfupi, punguza.

Mahali ambapo mshale hukaa na vidole hushika, katikati ya ugwe, zungushia uzi mwembamba kwa urefu wa sentimita 15, mzunguko kando ya mzunguko, pasipo nafasi. Uzi huo hauongezi nguvu, hulinda. Ukichakaa, utabadilisha huo tu, wala si ugwe mzima.

Kujaribu

Acha ugwe uning'inie usiku kucha, ukivutwa na bidoni ya lita 10, upate kunyoka. Asubuhi tia kitanzi cha chini, upinde upinde polepole, utie cha juu. Weka ngumi yako juu ya mshiko, dole gumba limesimama kuelekea ugwe. Ikiwa dole gumba lagusa ugwe au lakaribia kuugusa, ugwe una kadiri nzuri. Ukilala chini ya hapo, uvue ugwe, ongeza mizunguko michache, ujaribu tena.

Vuta kwanza nusu, mara kadhaa, ukirudisha polepole kwa mkono. Usiachie kamwe ugwe bila mshale. Mshale huchukua nguvu za upinde. Usipokuwapo, nguvu hizo huurudia mti na ugwe, na hayo ndiyo yaliyopasua upinde wa babu. Kila mara kabla ya kupiga, upitishe ugwe kati ya vidole. Uzi mmoja ukikatika, tupa ugwe. Nyuzi kumi na moja zilizobaki zisikushawishi.

Neno kwa wazazi

Mpeni mtoto shina la mgomba liwe shabaha yake. Ni laini na halirudishi mshale. Nyuma yake pawe na ukingo wa udongo, wala pasiwe na njia wala nyumba. Wote wasimame mstari mmoja na mpigaji, na mtu asiende kuokota mishale mpaka pinde zote ziwe chini. Mtoto asitembee njiani na upinde. Nchi ya Fizi imeona vita vingi, na mtu aonaye silaha kwa mbali haulizi kwanza ni ya mchezo au si ya mchezo. Upinde ukae nyumbani, uvuliwe ugwe, ulale mahali pakavu.

Na mtu asidhani kwamba upinde mzuri humpa ruhusa ya kuwinda apendavyo. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 yadai kibali, na wanyama wengine, kama sokwe, hawaguswi hata kwa kibali. Hifadhi ya Itombwe, iliyowekwa mwaka 2006, yagusa pia nchi ya Fizi; humo mwindaji ajue mipaka kabla ya kuingia.

Mjukuu wetu alifanya ubao wake kwa mbao za mlango wa zamani. Babu alikaa kando juu ya kigoda, asiguse kitu, ila macho yake yalifuata kila uzi. Fungu la kwanza lilipotolewa, aliliomba, akalipitisha polepole kati ya vidole vyake vinavyotetemeka, uzi kwa uzi. Akaurudisha mmoja.

“Huu uliuvuta kwa mkono,” akasema. “Chupa haikuwapo.”

Ilikuwa kweli; mtoto alikuwa ameona uvivu wa kuifunga chupa mara ya sita. Aliukata uzi ule, akaupanga mwingine kwa chupa. Kisha akachukua penseli, akaandika juu ya ubao, karibu na kigingi: urefu wa ugwe, idadi ya nyuzi, na uzito wa chupa. Mti wa upinde mpya ulikuwa bado ukikauka juu ya moto.

Enyi vijana, mlio na babu nyumbani, msingoje. Kuna kazi ngapi ambazo mikono yao yajua, na ambazo hakuna aliyeziandika? Fanyeni ubao, halafu mwombeni mzee apitishe vidole vyake juu ya kazi yenu. Atakachokitambua kwa vidole, kiandikeni siku hiyo hiyo.